Courage, mbwa mwoga aliyenifundisha kuchoma sindano

Mimi ni mtu mzima, nina mtoto anayesoma darasa la pili, na bado mhusika ninayempenda kuliko wote ni mbwa wa rangi ya waridi kwenye katuni. Anaitwa Courage, yaani ujasiri, na hakuna kisichomtisha. Tulikuwa tukimwangalia kwa jirani mwenye dishi, watoto saba mkekani. Kiingereza hatukukijua wala hakikuhitajika, maana Courage hasemi sana. Hupayuka, macho yakamtoka, akajigeuza maumbo kueleza alichokiona, na hakuna anayemwelewa. Bibi akipita alisonya: "Yaani mmekaa kutazama mbwa?"

Kwa asiyemjua, Courage the Cowardly Dog ni kazi ya Mmarekani John R. Dilworth, iliyorushwa na Cartoon Network kuanzia 1999 hadi 2002. Courage anaishi na wazee wawili kwenye nyumba ya upweke huko Kansas. Bibi Muriel ndiye aliyemwokota akiwa mdogo. Mumewe Eustace, mzee wa gubu, ana kinyago cha kijani cha kumtishia. Hapo ndipo ninapojiona. Kinyago ni kilekile na Courage anamjua aliye ndani, lakini kikivaliwa tena, anaruka vilevile.

Mama yangu alipoanzishiwa insulini, dawa ya kisukari, muuguzi aliniita mimi nifundishwe kumchoma, kwa kuwa ndiye ninayekaa naye. Mimi, ambaye siku ya chanjo shuleni nilijificha chooni! Kila mtu akanipoza: "Mbona sindano yenyewe ndogo?" Najua ni ndogo. Courage naye anajua ni Eustace.

Kwa miaka nilikuwa nikisema "mimi ni kama Courage" na maneno yanaishia hapo. Kilikuwa kisingizio kizuri cha kukwepa mambo. Kwa hiyo kama nawe una mhusika wako, nakushauri uache kuhesabu mnavyofanana, umtazame anavyofanya, kama fundi anavyomtazama fundi mwenzake akiwa kazini. Nilirudia vipindi kadhaa kwenye simu usiku, nikaona jambo nililolipita utotoni: Courage hangoji woga uishe. Anapiga kelele kwanza, kelele kamili, halafu anakwenda huku anatetemeka.

Nikaiga hivyohivyo. Asubuhi naingia jikoni, nauma pindo la kanga, napiga ukelele. Narudi, nafinya ngozi ya tumbo la mama, nachoma. Nikitazama sindano mkono unacheza. Nikikumbuka kwamba mama anasubiri chai yake, unatulia kidogo. Courage naye sidhani kama anawaza ushujaa. Anamuwaza Muriel.

Kingine ni ile kompyuta yake ya darini. Humkejeli kabla ya kumjibu, na bado huirudia kila akikwama. Yangu ni shemeji yangu, muuza dawa. Alinicheka mpaka akakaa chini: "Shemeji, unaogopa mwiba wa mbu?" Lakini ndiye aliyenieleza kwamba dawa ikitoka kwenye friji moja kwa moja huuma zaidi, niiache ubaridi uishe kwanza, na nisichome mahali palepale kila siku. Muuguzi huenda alishayasema yote hayo, ila siku ile masikio yangu yalikuwa yamefungwa na hofu. Mwenye kejeli na jibu muulize tu, kicheko chake hakikuachii kovu.

Sikumwiga kila kitu. Courage anavumilia matusi ya Eustace kila siku, na mimi nimeshawahi kuishi na Eustace wangu kazini. Pale niliondoka.

Mpaka leo nikivuta kifuniko cha sindano, vidole vinatetemeka. Mama ameshazoea. Juzi mwanangu aliuliza mbona chai haimiminwi, bibi yake akamwambia, "Subiri, mama yako hajapiga kelele zake."