Maswali ya Wasomaji: Je, chuo kikuu cha taifa kinaweza kuanzishwa ugenini?

SWALI: Assalamu alaikum, mhariri. Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Kisauni, Mombasa. Nimefahamiana na wahadhiri wanne waliokimbia nchi yao baada ya serikali kuwafuta kazi na kuwatia jela wenzao kwa sababu ya yale waliyokuwa wakiyafundisha. Nakuomba usiitaje nchi hiyo, kwani jamaa zao wangali huko. Wanataka kuanzisha chuo kikuu cha taifa lao hapa ugenini, ili vijana wao waliofukuzwa vyuoni wasipotee bure, na wameniomba niwatafutie vyumba vya kufundishia nyakati za jioni. Nataka kuwasaidia kwa moyo wangu wote, lakini sitaki kuwaingiza wao wala kujiingiza mimi katika makosa ya sheria. Je, jambo hili limewahi kufanyika mahali popote, na waanzie wapi?
Mwalimu mstaafu, Kisauni

JIBU: Wa alaykum salaam, mwalimu wangu. Jambo unaloliuliza limefanyika, tena si mara moja, na baadhi ya mifano yake iko karibu nasi kuliko wageni wako wanavyodhani. Mombasa yenyewe inaujua uchungu wake, kwa kuwa imewahi kutoa wasomi waliolazimika kufanya kazi yao ya usomi katika nchi za watu: Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa mji huu, alipotoka gerezani mwaka 1972 baada ya kifungo cha miaka mitatu kwa ajili ya waraka wa kuikosoa serikali, alihamia Tanzania akafanya kazi ya utafiti wa Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa hiyo hao wahadhiri wanne si wageni wa jambo geni.

Lakini kwanza naomba tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya, yaani kuwapa hifadhi wasomi waliokimbia, na kuanzisha chuo cha taifa ambalo wamelikimbia. Mwaka 1933, baada ya sheria ya tarehe 7 Aprili iliyowaondoa Wayahudi na wapinzani wa Hitler katika utumishi wa umma wa Ujerumani, maprofesa wakiwemo, Alvin Johnson, aliyekuwa mkuu wa New School jijini New York, alichangisha fedha akawaita wasomi hao na kuwaundia kitivo kilichoitwa Chuo Kikuu cha Uhamishoni. Kitivo hicho kiliokoa watu, na elimu ya Marekani ilinufaika sana nacho. Hata hivyo hakikuwa chuo cha Wajerumani: kilifundisha kwa Kiingereza, kiliwafundisha watu wa New York, na kikaota mizizi huko huko. Ikiwa wageni wako wanatafuta kazi tu, basi njia hiyo inawatosha, na hawahitaji kuanzisha chochote. Kwa maelezo yako, naona wanataka lile jambo la pili, ambalo ni gumu zaidi.

Mfano wa jambo hilo la pili ninaouona kuwa na mafunzo mengi zaidi ni wa Belarus. Mwaka 1992, nchi hiyo ilipokuwa imetoka tu katika Muungano wa Kisovieti, mwanafalsafa Anatoli Mikhailov na wenzake walianzisha mjini Minsk chuo kikuu huru cha sayansi za binadamu, kinachojulikana kwa kifupi kama EHU (European Humanities University). Lukashenko aliingia madarakani mwaka 1994, na kadiri utawala wake ulivyozidi kuwa mkali ndivyo chuo hicho kilivyozidi kubanwa, hadi mwaka 2004 serikali ilipomtaka mkuu wake ajiuzulu, naye akakataa. Hapo ndipo chuo kiliponyang'anywa majengo, kisha kikanyimwa leseni kwa hoja kwamba hakina majengo. Mwaka 2005 kilianza upya mjini Vilnius, Lithuania, na mwaka 2006 serikali ya Lithuania ikakitambua kuwa chuo kikuu chini ya sheria zake.

Yapo mambo ndani ya kisa hicho ambayo ningependa wageni wako wayazingatie kwa makini. Vilnius iko chini ya kilomita 200 kutoka Minsk, hivyo kijana wa Belarus aliweza kusoma huko na kurudi nyumbani wakati wa likizo, na chuo hakikukatika na jamii yake. Tena Lithuania ilitoa zaidi ya paa, kwa maana ilitoa utambuzi wa kisheria, na utambuzi huo ulikuja pamoja na ukaguzi. Katika miaka ya 2010 wakaguzi wa ubora wa elimu wa nchi hiyo walikipa chuo tathmini mbaya, kikalazimika kujirekebisha. Wapo waliouona ukaguzi huo kuwa ukatili kwa watu waliokwisha kuonewa. Mimi siuoni hivyo. Mwanafunzi aliyehatarisha mustakabali wake ili asome uhamishoni anastahili mwalimu aliyejitayarisha na mtihani wenye uzito, na msomi anayeomba asahihishiwe kwa huruma anamdhulumu mwanafunzi huyo.

Sasa nirudi kwetu Afrika. Baada ya vijana wa Soweto kuandamana tarehe 16 Juni 1976 kupinga elimu ya kibaguzi, maelfu yao walikimbia Afrika Kusini, na serikali ya Tanzania ikakipa chama cha ANC shamba la zamani la mkonge huko Mazimbu, Morogoro. Mwaka 1978 ikafunguliwa hapo shule iliyokuja kupewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na utawala wa makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Haikuwa chuo kikuu, na nadhani hilo ndilo funzo lake: waanzilishi walianza na kile ambacho vijana wao walikikosa, wakafundisha masomo ya sekondari na ya msingi, wakalima na kufuga wenyewe, na walipokuwa wakirudi kwao mwaka 1992 waliikabidhi Mazimbu kwa Tanzania. Leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo.

Namibia ilikwenda kwa njia nyingine. Mwaka 1976 Umoja wa Mataifa ulifungua mjini Lusaka taasisi ya kuwaandaa Wanamibia kuendesha nchi yao, wakati nchi hiyo ikiwa bado mikononi mwa Afrika Kusini. Mkurugenzi wake alikuwa Hage Geingob. Taasisi ilifundisha utawala, ikafanya utafiti juu ya ardhi, sheria na lugha, na uhuru ulipopatikana mwaka 1990 Geingob huyo ndiye aliyekuwa waziri mkuu wa kwanza. Miaka 14 ya kufundisha nchi ambayo bado haipo mikononi mwako! Sijui subira inayozidi hiyo.

Kuhusu sheria, mwalimu, hapa ndipo naomba uwe mwangalifu. Sheria ya Vyuo Vikuu ya Kenya ya mwaka 2012 hairuhusu mtu kuendesha chuo kikuu wala kutoa shahada bila idhini ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na safari ya kutoka idhini ya muda hadi hati ya kuwa chuo kamili ni ndefu na ya gharama. Vyumba vya jioni vya Kisauni havitakuwa chuo kikuu kwa kubandikwa ubao mlangoni. Afadhali waanze kama darasa chini ya mwavuli wa chuo ambacho tayari kina hati, chuo hicho kitoe cheti na wao watoe walimu. Njia hiyo ina mfano hapa nchini: kuanzia mwaka 2013, vyuo vikuu vya Kenyatta na Moi, pamoja na vyuo vya York na British Columbia vya Kanada, vilisomesha wakimbizi wa Dadaab kozi zilizokuwa na vyeti vinavyotambulika. Vilevile wahadhiri hao wahakikishe kuwa hati zao za ukimbizi na vibali vyao vya kazi viko sawa kabla ya kufundisha hata somo moja, maana kosa dogo la karatasi linaweza kuufunga mradi wote.

Jambo la mwisho katika jibu hili ni majina. Ikiwa watafundisha pia kwa intaneti wale waliobaki nyumbani, kama walimu wa Myanmar walivyofanya baada ya mapinduzi ya tarehe 1 Februari 2021, basi orodha ya wanafunzi ni amana nzito. Nchini Iran, taasisi ya Wabaha'i, wafuasi wa dini inayokandamizwa huko, iliyoanzishwa mwaka 1987 kwa ajili ya vijana waliozuiwa kuingia vyuo vikuu ilisomesha majumbani, na mwaka 2011 nyumba za walimu wake zilipekuliwa na baadhi yao wakafungwa. Wageni wako waamue mapema ni nani ataijua orodha hiyo, itahifadhiwa wapi, na ni nini kitakachofutwa baada ya kila somo. Picha za darasa zisipigwe kabisa, hata za kumfurahisha mfadhili.

SWALI: Mhariri, nimesikia habari za mpango huo wa Kisauni. Kwa nini vijana hao wasijiunge tu na vyuo tulivyonavyo, kama vile Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, badala ya kujitenga?
Msomaji, Likoni

JIBU: Swali lako ni la haki, na kwa sehemu nakubaliana nawe. Kijana anayesomea uhandisi, uuguzi au hesabu, akiwa na vyeti vyake na karo yake, aingie katika vyuo vyetu leo, kwa sababu daraja hujengwa kwa kanuni zile zile kila mahali. Tatizo ni kwamba wengi waliondoka usiku bila karatasi yoyote, na chuo kilichowafukuza hakitawatumia matokeo yao. Wengine walisoma kwa lugha isiyofundishiwa hapa, nao wanahitaji mwaka mzima wa matayarisho kabla ya kukaa darasani na wenzao.

Zaidi ya hayo, yapo masomo ambayo sisi hatuwezi kuwafundisha hata tukitaka. Historia ya nchi yao, ile iliyofutwa katika vitabu vya shule, imo vichwani mwa wahadhiri hao wanne na watu wachache kama wao. Sheria zao za ardhi na fasihi ya lugha zao hazimo katika mtaala wa chuo chochote cha Pwani. Ningekuwa mimi ndiye ninayepanga ratiba ya zile jioni za Kisauni, ningeanza na masomo hayo matatu, na ningeomba kila somo lirekodiwe kwa sauti na liandikwe, wakati walimu wenyewe wangali hai na wangali wanakumbuka.