Ukitaka watu walinde kilima, anza na wa bondeni

Jamani, ukitaja kulinda milima watu wanafikiria Kilimanjaro na mita zake 5,895, lakini sie Wapemba maisha yetu yote ni kupanda na kushuka, kilima bonde kilima bonde, juu mikarafuu chini mpunga. Siku ya Milima Duniani ipo kila tarehe 11 Disemba tokea 2003, na huku kwetu inapita kimya. Inaniuma kweli.

Kwa vijana wanaotaka kuanza kazi hii ushauri wangu ni mmoja, usianze na mwenye kilima, anza na mwenye bonde. Yule anaekata miti au kuchimba kifusi juu anapata pesa leo leo na ana watoto wa kulisha, ukimletea habari za mazingira anaona unamzibia riziki. Lakini bibi wa chini ambae mpunga wake umefukiwa na udongo wakati wa masika huna haja ya kumbembeleza, yeye ndo ataezungumza na jirani yake na atasikilizwa kuliko wewe na vipeperushi vyako.

Halafu hotuba punguza. Mvua kubwa ikikatika tu, teka maji ya mtoni kwenye chupa mbili, moja chini ya kilima chenye miti, nyengine chini ya kile kilichochimbwa, ziweke barazani watu wanywe kahawa wazungumze mpira wao. Baada ya muda udongo unakaa chini, chupa moja kiduchu tu, ya pili mwekundu unene wa kidole, na wazee wenyewe wataanza kuulizana huu umetoka kwa nani. Hapo nyamaza, waache waseme wao.

Wakiuliza sasa tufanyeje uwe na jibu la mkononi. Mchaichai, upandwe mistari inayokata mteremko, sio ya kushuka nao, mizizi inashika udongo na majani mtu anayatumia huku akisubiri miche ya mikarafuu, maana mkarafuu unataka miaka mpaka uzae.

Sheha, yaani kiongozi wa serikali hapo mtaani, mwone mapema kabla ya mkutano wowote, kuchimba mchanga na kifusi kunataka kibali na ugomvi ukitokea utaishia kwake tu. Na kinamama wafuate kwenye vikoba vyao, vile vikundi vya kuweka na kukopa, ukiwaita mkutanoni na wanaume watakaa nyuma na hawatosema kitu, wakati mabonde mengi ya mpunga wanaolima ni wao.