Napenda vitabu, lakini sijui kama nitawaweza watoto

SWALI

Shikamoo Mama. Nina miaka 24. Nilimaliza kidato cha sita, kisha mambo ya ada yakakwama. Sasa nauza steshenari Buhongwa. Watoto wakitoka shule hupita dukani kwangu. Wengine hawana hata hela ya kalamu, wanakuja tu kufunua vitabu vya hadithi nilivyopanga mbele. Mwenye duka hapendi, mimi nawaachia. Yupo mmoja amemaliza kitabu kizima akiwa amesimama, kurasa chache kila siku, kwa siku tisa. Hapo ndipo wazo la kuwa mkutubi wa watoto, mtu wa maktaba, liliponiingia.

Mama yangu anasema hiyo ni kazi ya kukaa na kusema "nyamazeni", na haioni sababu ya mtu kwenda kuisomea. Mimi naogopa mengine: nina aibu, sijui kusimulia, na watoto wakiwa wengi wananichosha. Nijipimeje kabla sijatumia hela za watu kwenda kusomea ukutubi Bagamoyo?

Binti wa Buhongwa, Mwanza

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nianze na mama yako, kwa heshima zake zote. Nimefanya kazi kwenye chumba cha watoto cha maktaba miaka 26, na kilichochakaa kwanza mwilini mwangu ni magoti. Rafu za watoto ni fupi, vitabu vya wadogo hukaa chini kabisa, na mtoto wa miaka mitano huongei naye ukiwa umemsimamia kama mnazi. Unachuchumaa, unainuka, unachuchumaa tena. Kiti nilikuwa nakikalia siku ya kuandika ripoti ya mwezi.

Sasa wewe. Umenitajia hofu tatu, lakini jambo moja la kukutia moyo umelipita bila kuliona: umehesabu siku tisa. Wengi wanaonijia wakitaka kazi hii huanza na "napenda sana vitabu". Sawa, hata mchwa anavipenda. Mwenye kupenda vitabu peke yake ningemshauri akahifadhi nyaraka, atafurahi huko. Kwetu kitabu hurudi na duara la kikombe juu ya jalada, hurudi bila ukurasa wa mwisho, na kimoja kiliwahi kunirudia na gamba la sato katikati, msomaji ameliweka asipoteze alipofikia.

Nikueleze kosa langu, maana kipimo ninachokupa kimetokana nalo. Mwaka wangu wa pili kazini alikuwapo mvulana wa kama miaka kumi, anakuja mchana kutoka upande wa mwaloni Kirumba, akishamsaidia mama yake kupakia dagaa. Alikuwa ananukia dagaa kweli. Siku hiyo tulikuwa tumepokea vitabu vipya, na mimi navionea fahari kama mwenye harusi. Nikamwambia mbele ya wenzake, "Wewe, kanawe kwanza." Wenzake wakacheka. Akatoka kuelekea bombani, na sikumwona tena. Nilimngoja siku ile, wiki ile, muhula ule. Vitabu vilibaki safi. Baadaye niliweka ndoo ya maji na sabuni mlangoni, kila anayeingia ananawa, hata mkaguzi, na mimi wa kwanza. Nilichelewa.

Kwa hiyo kipimo chenyewe ni Jumamosi nne. Nenda shule ya msingi ya jirani, umwone mwalimu mkuu, umwombe watoto sita, wasizidi wanane, kwa saa moja. Usikusanye watoto wa watu bila mwalimu wala mzazi kujua, na mlango ukae wazi muda wote. Soma nao, waache wachague, uwajibu wakiuliza. Madaftari unayo duka zima. Chukua moja, na kila Jumamosi jioni uandike. Usiandike ulivyojisikia. Andika walichouliza, neno kwa neno, na wewe ulifanya nini.

Nakupa mfano. Mtoto mmoja aliniuliza, "Sangara alizaliwa wapi?" Nusura nicheke. Kumbe babu yake alikuwa amemwambia kwamba zamani sangara hakuwamo ziwani, naye akaona mzee anamdanganya, maana tangu azaliwe kila siku anawaona. Jibu nilikuwa nalo: sangara aliletwa kwenye ziwa letu miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amewala furu wengi mno, wale samaki wadogo ambao wazee wanawataja kwa masikitiko. Kusema hayo ni sekunde ishirini. Badala yake tulikwenda wote kwenye rafu ya 597, ambako samaki hukaa katika mpango wa Dewey, ule wa kupanga vitabu kwa namba kufuata mada. Tulikuta vitabu viwili, vyote vya samaki wa baharini, vyote vya Kiingereza. Tukahamia upande wa watu wazima, tukapata kitabu kizito cha maziwa, nikamsomea aya tatu kwa Kiswahili changu mwenyewe. Nusu saa ikaisha. Wiki iliyofuata alikuja na wenzake wawili, akawaongoza mpaka 597 kana kwamba ni shamba la ukoo wao. Sasa jiulize bila kujipendelea: nusu saa ile ungeiona imepotea? Watu wazuri tu, wenye akili, wangeiona imepotea, na si dhambi. Ila chumba cha watoto hakitawafaa.

Kuhusu aibu, sina wasiwasi nawe. Wachangamfu nimewaona wakigeuza saa ya hadithi kuwa maonyesho yao, watoto wanamtazama mkutubi badala ya kitabu. Kinachotakiwa ni mazoezi ya mkono na jicho. Kitabu kikae kando ya bega lako, picha ziwaelekee wao, wewe usome kwa pembe ya jicho. Hutaweza kama maneno huyajui, basi kisome nyumbani kwa sauti mara tatu. Ukisema "hadithi, hadithi" na wao wakaitikia "hadithi njoo", mzigo wa kwanza wameshaupokea wao. Na kama ni asubuhi na yupo mtoto wa Kisukuma aliyejikunyata pembeni, mwambie "mwangaluka" uone mabega yake yanavyoshuka.

Kuchoka, kila mtu huchoka. Angalia unachoka vipi. Mimi nilikuwa mfokaji. Nikaona kwamba nikijitenga dakika tano nipange rafu, narudi nikiwa mtu.

Kuna mambo hukuyaogopa, na ningependa uyaogope kidogo.

La kwanza, taja vitabu kumi vya watoto vya Kiswahili ulivyosoma mwaka huu ukiwa mtu mzima. Siyo vile vya utotoni kwako. Ukifika kimoja ukakwama, anza na vilivyo mbele ya duka lako, kesho. Huwezi kumchagulia mtoto chakula ambacho hujaonja.

La pili ni wale wa kidato cha kwanza. Wametoka shule za msingi za serikali, miaka saba wamefundishwa kwa Kiswahili, ghafla fizikia na jiografia ni Kiingereza. Wanahitaji vitabu vyepesi vya Kiingereza, na vyepesi vina picha za sungura. Mvulana ambaye sauti imeanza kukwaruza hachukui kitabu cha sungura mbele ya wasichana wa darasa lake, hata umbembeleze. Nilivihamishia vitabu hivyo karibu na kamusi, nikavivika makaratasi ya kaki kama ya madaftari. Ndani ya wiki mbili rafu ilikuwa na mapengo. Hilo sikufundishwa na mtu. Nilimwona kijana akikishika kitabu, akikirudisha, akikishika tena, akitazama nyuma.

La tatu, mdomo. Binti wa darasa la sita akiazima kitabu kinachoeleza hedhi, unagonga muhuri, unamtajia tarehe ya kurudisha, yameisha. Humtolei macho. Na humwambii shangazi yake mkikutana sokoni Mlango Mmoja, hata kama ni rafiki yako wa damu, hata kama yeye ndiye ameanza kuuliza. Kama habari hukuwasha ulimi, ujue hilo ni tatizo kubwa kuliko aibu yako.

Bagamoyo sasa. Chuo cha ukutubi cha pale kiko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, ambayo mizizi yake ni sheria ya mwaka 1963, na hutoa cheti na stashahada. Kuorodhesha, Dewey, kompyuta, utunzaji wa kumbukumbu, yote hayo utafundishwa, hivyo usijipime kwayo. Sifa za kuingia na ada usome kwenye tangazo lao la mwaka huu, usiniulize mimi niliyepita zamani. Ajira za serikali hupitia Sekretarieti ya Ajira, nazo hazigawiwi kama karanga. Shule binafsi huajiri, ila wengine humtaka mkutubi awe pia mtunza stoo na mpiga chapa wa mitihani. Uliza hilo kabla hujasaini, na uulize funguo za makabati zitakaa kwa nani. Nimeona shule yenye vitabu vizuri kuliko vyetu, vyote vimefungiwa visije vikachafuka.

Kabla ya ada, nenda pia maktaba ya mkoa hapo mjini, uombe kujitolea siku moja kwa wiki. Ukipewa kazi ya kufuta vumbi, futa, huku unatazama nani anaingia na nani anaishia mlangoni.

Jumamosi ya nne ikipita, niandikie. Usinieleze kama ulifurahi. Ninakilie ukurasa mmoja wa lile daftari, kama ulivyo, na makosa yake. Na yule wako wa siku tisa, kama bado anapita hapo dukani, muulize kwa nini hakurukia ukurasa wa mwisho.