Zena Inayoungua Redio Ikizimwa

Fundi mmoja wa Moshi ameniandikia: kafunga zena (diodi inayozuia volti zisipande kupita kiwango chake) ya volti 9.1, wati 1, kulisha redio ndogo kutoka betri ya gari. Redio ikiimba, shwari. Ikizimwa huku injini inanguruma, zena inaungua. Anashuku kauziwa feki. Kabla ya kumlaumu muuza spea, ndugu yangu, shika kalamu.

Zena hukaa sambamba na mzigo, yaani redio, baada ya resista inayobana umeme. Umeme ambao redio haikuutumia, zena inaumeza. Ndiyo maana inateseka zaidi pale redio inapokuwa kimya.

Betri iliyochoka ni volti 11.8, injini ikichaji zinafika 14.6. Redio inataka miliampea 100, zena iachie 20, jumla ampea 0.12. Toa 9.1 kwenye 11.8, gawa kwa 0.12: unapata omu 22.5, kwa hiyo nunua resista ya 22. Sasa zima redio, injini ikichaji: 14.6 toa 9.1 ni 5.5, gawa kwa 22 ni ampea 0.25. Zidisha kwa 9.1, zena inabeba karibu wati 2.3. Ya wati 1 itaponea wapi? Weka 1N5346B, ya wati 5. Resista nayo inakula kama wati 1.4, chukua ya wati 5, iinue kidogo juu ya bodi.

Joto la zena hutoka kupitia miguu yake. Kata miguu mifupi, ichomelee kwenye shaba pana. Na tafadhali, usifunge mbili sambamba ukidhani zitagawana kazi: yenye volti pungufu kidogo itabeba yote. Kufuatanisha kunafaa, mbili za 6.2 zinakupa 12.4, joto likigawanyika. Mzigo ukizidi robo ampea, zena ndogo ya volti 10 kwenye besi (mguu wa kuamrisha) ya transista TIP41C yenye hitisinki, bati la kupooza joto, inatosha, nje utapata kama 9.3.

Kwa magari ya utalii ya Arusha, ambako mtu huweza kustua betri ya 12 kwa gari la volti 24, funga 1N5355B ya volti 18 baada ya fyuzi ya ampea 1 ya chaja ya simu, upande wenye mstari kwenye chanya. Zena ikishoti, fyuzi inakatika, chaja inapona. Hata betri ikigeuzwa, fyuzi hiyohiyo inakatika. Redio koli ya fyuzi ya ampea 10 ni habari nyingine: zena ya wati 5 inaweza kupasuka kabla ya fyuzi. Hapo tumia zena yenye umbo la skrubu, wati 50, kwenye alumini nene. Pima kwanza kwa mita skrubu iko upande gani, kwani zipo za aina zote mbili, na alumini ikigusa bodi ya gari vibaya ni shoti.