Utosi laini wa Chihuahua si ugonjwa

Umeuliza kama mtoto wako wa Chihuahua, hii aina ya mbwa wadogo, anaumwa au alipigwa kichwani kwa kuwa utosi wake ni laini. Hapana, haumwi wala hakupigwa. Hiyo sehemu laini uliyoigusa utosini ni ya kawaida kwa aina hii. Wafugaji huiita molera, na hata vigezo rasmi vya Marekani vinamkubali mbwa akiwa nayo au asiwe nayo. Kwa wengine hufunga wakikua, kwa wengine hubaki hivyo maisha yote. Wangu ninaye hapa Kirumba, Mwanza, mwaka wa sita sasa, na ukimpapasa bado unakikuta kishimo kama ncha ya kidole. Mzima kabisa, hakuna bodaboda inayopita asiibwekee.

Kazi yako ni kukilinda hicho kichwa. Watoto wambebe wakiwa wamekaa chini, na asiruke kutoka kwenye kochi wala kwenye haya mawe yetu. Usimwache uani peke yake, mwewe wa huku ziwani unawajua, na yeye hata akikomaa kwa kawaida hafiki kilo 3.

Ila ukiona kichwa kinavimba kupita kiasi, macho yanaangalia pembeni, anazunguka mahali pamoja au anapepesuka, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, huenda ni maji kichwani.

Na chakula mpe kidogokidogo, mara nne kwa siku. Akishinda njaa sukari inashuka, anatetemeka na kulegea. Dagaa sawa, wachemshe bila chumvi.