Re: Maili ninazo, mbona daraja halipandi?

Mkuu, umeuliza kwa nini unaenda Guangzhou kwa ndege za Ethiopian Airlines, unakusanya maili (pointi za wasafiri wao), na bado hupandi daraja la uanachama la Silver. Angalia kwenye tiketi herufi ya daraja la nauli (aina ya nauli uliyolipia), iko karibu na namba ya ndege: hiyo ndiyo inayoamua unapata asilimia ngapi ya maili, na nauli za ofa huambulia kidogo. Maili za kununua hazikupandishi daraja. Kipande cha Dodoma–Dar kwa Air Tanzania nacho hakihesabiwi, maana haimo Star Alliance, muungano wa mashirika ya ndege ambao Ethiopian imo. Safari ambayo maili zake hazijaingia kwenye akaunti yako, idai kwa namba ya tiketi (ya Ethiopian huanza na 071) na boding pasi. Hizo usizitupe uwanjani. Na jina la akaunti lilingane na pasipoti, wengi hukwama hapo.