CRP ya mume wangu iko juu: je, ndiyo inayomliza?

SWALI: Dokta, mume wangu ana uvimbe kwenye ubongo. Anameza deksamethazoni (dawa ya steroidi ya kupunguza kuvimba kwa ubongo) asubuhi na usiku, pamoja na levetirasetamu ya kuzuia kifafa. Tangu aanze dawa hizo, hapati usingizi, anafoka kwa jambo dogo, kisha analia. Kwenye labo CRP yake (kipimo cha damu cha inflamesheni, yaani mwako wa kinga mwilini) imeonekana iko juu. Jirani aliyesomea uuguzi anasema inflamesheni huleta huzuni, nimpe ibuprofeni. Nimpe? (Mama wa Katuba, Lubumbashi)

JIBU: Mama, usimpe. Ibuprofeni ikichanganywa na deksamethazoni, hatari ya vidonda vya tumbo na kutokwa damu ndani hupanda sana. Isitoshe, deksamethazoni yenyewe hupunguza inflamesheni kwa nguvu kuliko ibuprofeni. Kama huzuni hii ingekuwa ya inflamesheni tu, ningetarajia apate nafuu alipoanza kuimeza. Wewe unasema mambo yaliharibika hapo hapo.

Jirani yako hakubuni, lakini. Kinga ya mwili ikipambana na uvimbe au jeraha la upasuaji, hutoa kemikali ziitwazo saitokini. Taarifa za kemikali hizo hufika kwenye ubongo, na mtu huchoka, hukosa hamu ya kula, hujitenga na watu. Tuliliona hili waziwazi kwa wagonjwa wa homa ya ini C waliochomwa sindano za interferoni, ambayo nayo ni saitokini: wengi walipata sonona (ugonjwa wa huzuni nzito), hata wasiowahi kuugua hivyo maishani.

Ila CRP haipimi huzuni. Hutengenezwa na ini, na hupanda kwa malaria, nimonia, hata jino lililooza. Namba hiyo imfanye daktari atafute maambukizi, hasa kwa kuwa deksamethazoni hudhoofisha kinga na inaweza kuficha homa.

Mimi ningeanza na saa za dawa. Deksamethazoni ya usiku hufukuza usingizi, na ikiwa dozi ni kubwa, huweza kuleta hasira, kilio, furaha isiyo na sababu, hata kuona vitu visivyokuwepo. Miligramu 16 kwa siku zinakaribia nguvu ya prednisoloni miligramu 100, si mchezo. Muulize daktari kama dozi ya pili inaweza kusogezwa hadi saa saba mchana, na kama jumla inaweza kupunguzwa polepole. Usiikatishe wewe mwenyewe: ubongo unaweza kuvimba upya, na mwili uliozoea dawa unaweza kuzimia kwa kukosa homoni yake ya asili, ambayo dawa ilichukua nafasi yake. Mwombe pia apime sukari ya damu, kwani deksamethazoni huweza kuipandisha.

Levetirasetamu nayo inajulikana kwa kuleta ukali. Hiyo pia haisimamishwi nyumbani. Daktari ana nyingine za kubadilisha.

Kuna na mahali uvimbe ulipo. Ukiwa sehemu ya mbele ya ubongo, mtu huweza kuwa mkali, au akakaa tu bila kujali lolote, na familia ikadhani amewachoka. Na bado ana haki ya kuhuzunika kwa ugonjwa wenyewe! Sonona ya namna hiyo inatibika. Kituo cha magonjwa ya akili cha Dokta Joseph Guislain hapa mjini hakipokei “vichaa” peke yao, watu waseme watakavyo.

Akisema anataka kufa, akitapika asubuhi huku kichwa kikimuuma, akisinzia kupita kawaida, akishikwa na kifafa au akitoa choo cheusi, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na vidonge vyote anavyomeza uvibebe.